Taa ya matumbawe si pambo la sebule

Wahenga walinena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Lau wangaliishi hadi zama hizi zetu, wakapita katika maduka ya kuuza taa jijini Nairobi, nadhani wangaliongeza neno: wala si kila taa ing'aayo ni nuru ya kumfaa kiumbe.

Nasema hivi kwa sababu kwa muda wa miezi minane mazungumzo ya mezani petu yalikuwa na mada moja tu. Haikuwa siasa, haikuwa bei ya unga, wala haikuwa karo. Ilikuwa ni taa ya aina gani itakayoangikwa juu ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi, ili matumbawe yaweze kuishi ndani yake.

Huenda msomaji wangu unashangaa. Tangi la samaki si jambo geni mjini. Utaliona kwenye mapokezi ya hoteli, kwenye chumba cha daktari wa meno, hata katika nyumba za watu wa kawaida. Aghalabu hayo huwa matangi ya maji baridi, na samaki wake hawana makuu. Taa yoyote huwatosha, maana kazi yake ni kutuwezesha sisi kuwaona. Tangi la mwamba wa bahari ni kitu kingine kabisa. Humo mna maji ya chumvi, mawe, samaki wachache na matumbawe yaliyo hai. Taa ikikosewa humo, hakuna dawa wala chakula cha kuokoa jahazi.

Wazo lilitoka kwa binti yetu aliye gredi ya nane. Alikuwa amesoma habari za miamba ya bahari shuleni, akamwambia babake kwamba angependa kuiona ikikua mbele ya macho yake. Baba watoto ni mtu wa kupenda vifaa, na hakuhitaji kubembelezwa mara mbili. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amekwisha pima ukuta wa sebule na kupata tangi lililotumika, lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 45 na kina cha 45. Hilo hubeba takriban lita 120 za maji.

Mimi ndiye niliyeshika pesa. Zamu yangu ya chama ilikuwa imefika, na nilikuwa na shilingi elfu arobaini na mbili mkononi. Friji yetu ilikuwa imezeeka, mlango wake ukifungwa kwa kamba ya mpira. Basi msomaji waweza kubashiri vile mjadala wenyewe ulivyoanza.

MNYAMA ALAYE NURU

Kabla ya kuzungumzia taa, ni vyema tuelewe ni nani anayewashiwa. Watu wengi hudhani matumbawe ni mawe, na wengine huyaita maua ya bahari. La hasha. Tumbawe ni mnyama. Ni mkusanyiko wa viumbe vidogo laini viitwavyo polipu, kila kimoja na kinywa chake na vimikono vya kunasia chakula. Baadhi ya aina hujijengea mifupa migumu ya chokaa, na hao ndio waliojenga miamba yetu ya pwani kwa maelfu ya miaka.

Ajabu iko ndani ya nyama yake. Humo mnaishi mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho matupu. Mwani huu ni mpangaji anayelipa kodi kwa chakula. Hutumia nuru ya jua kutengeneza sukari, kama yafanyavyo majani ya mhindi shambani, kisha humgawia mwenye nyumba. Wataalamu wanasema matumbawe mengi ya maji ya kina kifupi hupata hadi asilimia 90 ya nguvu zake kutoka kwa mpangaji huyu. Kwa hivyo unapomweka tumbawe sebuleni, taa ndiyo shamba lake, ndiyo jiko lake na ndiyo sahani yake.

Hili ndilo nililomwambia baba watoto usiku wa kwanza. Alikuwa ameona taa ya LED iliyong'aa sana, bei yake elfu saba, na muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba inafaa matumbawe. "Mama watoto, mbona tupoteze pesa? Taa ni taa," akasema. Nikamjibu kwamba chakula nacho ni chakula, lakini hakuna anayemlea mtoto mchanga kwa githeri.

MWAKA ULE WA EL NINO

Labda nilishikilia sana kwa sababu mimi ni mtoto wa pwani. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa huko kusini, upande wa Shimoni, na likizo nyingi za utotoni nilizimalizia kwake.

Wakenya wengi wanaikumbuka mvua ya El Nino ya mwaka 1997 iliyobomoa madaraja na kukata barabara. Wachache wanajua yaliyotokea baharini miezi michache baadaye. Mnamo 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Mjomba alinichukua kwenye ngalawa siku ya bamvua, maji yalipokuwa yametoka sana, akanionyesha mwamba. Ulikuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Mimi nilidhani umependeza, nikapiga makofi. Yeye aliuangalia kwa muda mrefu bila kunijibu, halafu akasema, "Mwanangu, huu unakufa."

Baadaye nilikuja kusoma sababu. Joto linapozidi, hasa likiandamana na jua kali, ule mwani huanza kutoa sumu badala ya chakula kitupu, na tumbawe humtimua mpangaji wake. Rangi hutoweka, mfupa mweupe ukaonekana kupitia nyama. Hali ikirejea mapema, tumbawe hupona. Ikikawia, hufa kwa njaa. Mwaka ule sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya iliangamia, hata ndani ya mbuga za bahari za Malindi na Watamu ambazo zimelindwa tangu mwaka 1968. Kupauka kwa namna hiyo kumerudi mara kadhaa tangu hapo, na mnamo Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia ilikuwa katika mpauko mkuu wa nne wa matumbawe.

Ndiposa nikaweka sharti nyumbani. Ikiwa tutaleta kiumbe hiki katika sebule yetu, basi tujue kwanza kinahitaji nini, tukipime, na tuwe na uwezo wa kukipa. Ikiwa hatuwezi, tubaki na samaki. Nuru kidogo humuua kwa njaa polepole, nayo nuru nyingi ya ghafla humpausha kama ule mwaka wa 1998. Kati ya hayo mawili ndimo mlimo kazi ya kuchagua taa.

RANGI YA BULUU

Wengi huuliza kwa nini taa za matangi ya matumbawe huwa na rangi ya buluu kana kwamba ni za disko. Jibu nililipata kwa mjomba kabla sijalipata kwa mtaalamu yeyote.

Alipokuwa kijana, mjomba alikuwa akizamia pweza na kamba. Nilimpigia simu nikamuuliza rangi huwaje huko chini. Akaniambia kwamba samaki mwekundu ukimtoa kwenye pango la kina kirefu, humjui ni mwekundu mpaka umfikishe juu. "Hata ukijikata na jiwe," akasema, "damu yako huko chini huiona nyeusi."

Mjomba hakukosea. Nuru nyeupe ya jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi, na maji huzimeza moja baada ya nyingine. Nyekundu ndiyo hutangulia kutoweka, katika mita chache za kwanza. Hufuata ya machungwa na manjano. Buluu ndiyo husafiri mbali zaidi. Kwa hivyo matumbawe mengi, pamoja na mwani wake, yamezoea kula nuru ya buluu.

Wanasayansi hupima rangi za nuru kwa nanomita. Nuru inayotumiwa na mimea kutengeneza chakula ni ile iliyo kati ya nanomita 400 na 700. Taa njema ya matumbawe hutilia mkazo sehemu ya kati ya 420 na 480, yaani zambarau hadi buluu, kisha huongeza nyeupe kiasi. Nyekundu na kijani huwekwa kidogo tu, ili macho yetu yaone rangi kwa uzuri.

Hapa wanafunzi watapata jambo la kukumbuka. Vijitaa vya LED vyenye nuru nyekundu vilikuwako tangu mwaka 1962. Buluu iliyo kali iliwashinda wahandisi kwa miaka thelathini, hadi mwaka 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, huko Japani, alipoifanikisha. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Bila buluu hiyo hatungekuwa na balbu nyeupe za LED tunazotumia majumbani, kwa sababu nyingi ya hizo ni buluu iliyopakwa unga wa manjano. Wala hatungekuwa na taa za matumbawe tunazozijadili leo.

WATI SI KIPIMO

Kosa kubwa la wanunuzi wengi ni kuuliza, "Ina wati ngapi?" Wati hukuambia taa inakula umeme kiasi gani. Haikuambii inatoa chakula kiasi gani. Wengine hutumia kipimo cha lax, ambacho huonyesha mwangaza kama jicho la binadamu linavyouona. Jicho letu hupenda kijani na manjano, na buluu hulipita bila kulisisimua sana. Kwa hivyo taa inayokuumiza macho huenda ikawa imeliacha tumbawe na njaa, na ile inayoonekana hafifu ikawa imemshibisha.

Kipimo kinachohesabika huitwa PAR kwa kifupi. Huhesabu chembe za nuru, zile za kati ya nanomita 400 na 700, zinazoangukia mahali fulani kila sekunde. Jua la adhuhuri katika anga safi hutoa PAR ya karibu 2,000 juu ya maji. Tangini hatuhitaji hizo zote. Matumbawe laini, kama yale ya uyoga na ya ngozi, huridhika na kati ya 50 na 150. Yale ya mifupa yenye polipu kubwa hukaa vizuri kwenye 80 hadi 150. Yale ya matawi yenye polipu ndogo, kama Acropora, hutaka 200 hadi 350, na hayo ni ya watu waliobobea.

Kifaa cha kupimia PAR chini ya maji ni ghali, lakini si lazima kila mtu awe nacho. Sisi tuliazima kwa mwalimu mmoja wa biolojia anayefuga matumbawe, na wafugaji wenzake humzungukia kwa zamu kama wanakijiji wanavyoazimana ngazi.

Mwalimu huyo ndiye aliyetufunza somo la kutawanya nuru. Jirani yetu wa ghorofa ya tatu alikuwa ametutangulia. Alinunua taa ya bei nafuu, akaiangika sentimita 15 juu ya maji na kuiwasha kwa nguvu zake zote kuanzia siku ya kwanza, kwani aliyemuuzia alimwambia nuru ikizidi ndipo matumbawe hukua haraka. Baada ya wiki mbili, matumbawe ya katikati yalikuwa meupe. Ya pembeni yalikuwa yamegeuka kahawia, ishara ya kukosa nuru, maana tumbawe lenye njaa huongeza mwani ili kunasa kila chembe linayoweza. Mwalimu alipopima, katikati alipata 480 na kwenye pembe akapata 35. Lenzi za taa ile zilikuwa nyembamba, zikikusanya nuru mahali pamoja kama tochi.

Lakini haki isemwe. Taa yenyewe haikuwa ya kutupwa. Mwalimu aliipandisha hadi sentimita 35, akapunguza nguvu za buluu hadi asilimia 30 na nyeupe chini ya hapo. Nuru ikatawanyika. Matumbawe matatu kati ya tisa yalikuwa yamekwisha kufa, lakini yaliyobaki yalirudisha rangi. Kwa hivyo simwambii mtu kwamba rahisi ni mbovu daima. Namwambia achunguze kama taa inaweza kupunguzwa makali, kama buluu na nyeupe zina swichi tofauti, na kama nuru yake inafika pembe zote.

HESABU YA MFUKO

Sasa turudi kwenye zile elfu arobaini na mbili. Taa mpya iliyotupendeza ilikaribia elfu arobaini. Ile nyingine ilikuwa elfu saba. Baba watoto akasema tununue ya elfu saba na friji ya bei ya chini. Mimi nikasema tununue friji iliyo imara, na taa tuingojee. Binti akanyamaza, akaondoka mezani bila kumaliza chai. Usiku huo hapakuwa na mazungumzo mengi nyumbani.

Asubuhi tulikaa na karatasi na kalamu. Taa ya LED inayofaa tangi la ukubwa wetu hutumia wati 60. Ikiwashwa kwa saa tisa kila siku, kwa siku 30, hula yuniti 16 hivi za umeme. Zamani, kabla ya LED, watu walitumia balbu nzito ya metali halaidi pamoja na tyubu. Kwa tangi kama letu, balbu ya wati 150 na tyubu mbili za wati 24 zingekula zaidi ya yuniti 53 kwa saa hizo hizo. Tuseme kwa mfano yuniti moja ni shilingi 25, ingawa bei hupanda na kushuka. LED ingetugharimu kama shilingi 405 kwa mwezi, na ule mtambo wa zamani zaidi ya 1,330. Kwa mwaka mmoja tofauti ni kama shilingi elfu kumi na moja.

Isitoshe, balbu na tyubu za zamani hupoteza nguvu, na wafugaji wengi hubadilisha za kwao karibu kila mwaka. Vijitaa vya LED husifiwa kudumu saa 50,000, ambazo kwa saa tisa kila siku ni kama miaka 15. Usidanganyike lakini. Feni na kigeuza umeme ndani ya taa huharibika mapema kuliko vijitaa vyenyewe, hasa kwa mvuke wa chumvi. Ukinunua, uliza kama vipuri hivyo hupatikana.

Jambo jingine linahusu joto. LED hulielekeza joto lake juu, kwenye bati la kupozea, na haiyachemshi maji kama metali halaidi. Mombasa hiyo ni heri. Nairobi, mwezi wa Julai, ina maana kwamba lazima uwe na hita ya kuyaweka maji kwenye nyuzi 25 hivi, nayo pia hula umeme. Hesabu yako iyaingize yote hayo.

Tulipomaliza kuandika, baba watoto mwenyewe ndiye aliyetoa shauri. Tununue friji. Tangi tuliwashe kwa taa ya kawaida, tuweke mawe, maji ya chumvi na samaki wawili, maana samaki hawali nuru. Miezi hiyo ingeyapa maji nafasi ya kutulia. Kila mwezi tuweke kando shilingi elfu nne. Yeye akapunguza nyama choma za Jumapili na marafiki, mimi nikapunguza saluni, binti akaacha kudai pesa za chipsi. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya miezi sita tulikuwa na elfu ishirini na nne, na tukapata taa iliyotumika miaka miwili, aina ile ile tuliyoipenda ikiwa mpya.

Ukinunua iliyotumika, ifungue kwa macho yako. Washa kila rangi peke yake uone hakuna kijitaa kilichokufa. Sikiliza feni. Tazama kama chumvi imeganda au kutu imeanza. Na umeme juu ya maji ya chumvi si mchezo wa watoto. Waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone likitiririka lianguke sakafuni na si kwenye plagi. Mwite fundi wa umeme aweke swichi ya kukata umeme wenyewe pindi unapovuja.

POLEPOLE NDIO MWENDO

Siku tulipoiwasha hatukualika wageni. Tuliianzisha kwa asilimia 30 ya nguvu zake, sentimita 25 juu ya maji. Kila wiki binti aliongeza asilimia tano na kuandika kwenye daftari kile alichokiona. Asubuhi nuru huanza hafifu, mchana hupanda, jioni hushuka. Jumla ni saa tisa, na usiku ni giza kamili, kwa maana usiku wa baharini nao ni usiku. Tulipopima baada ya wiki sita, mawe ya juu yalikuwa na PAR ya 160, ya katikati 110, na mchangani 70. Hizo zilitosha kwa matumbawe laini, na ndiyo tuliyoyachagua.

Hatukung'oa hata kipande kimoja baharini. Ndani ya mbuga za bahari hilo limekatazwa, na biashara ya kimataifa ya matumbawe yenye mifupa huhitaji vibali chini ya mkataba wa CITES. Vipande vyetu vinne vilikatwa kutoka kwa matumbawe yaliyokulia katika tangi la yule mwalimu.

Mjomba alikuja Nairobi mwezi uliofuata kumwona daktari wa macho. Jioni alikaa mbele ya tangi, kikombe cha kahawa mkononi, taa ikishuka taratibu kutoka nyeupe hadi buluu. Akasema, "Hapa ni kama saa kumi na mbili jioni mwambani." Nikafurahi kuliko siku niliyopokea zamu ya chama. Kisha akamgeukia binti yetu. "Na hawa mtawarudisha lini baharini?"

Binti alijibu kwa heshima kwamba hawarudishwi. Kiumbe kilicholelewa tangini chaweza kupeleka baharini maradhi ama aina ngeni, kwa hivyo hakiachiliwi. "Basi ni wenu mpaka mwisho," mjomba akasema. Binti akaitikia, "Ndiyo, babu." Tangu jioni hiyo hajahitaji kukumbushwa kuangalia daftari lake.

Nami, msomaji wangu, neno langu ni hilo hilo. Kabla ya kufungua mkoba, jiulize unataka kumpa nuru nani. Ikiwa ni wageni, nunua picha nzuri ya bahari, uiangike ukutani na kuiwekea balbu moja. Haitakufa wala haitakudai chochote. Ikiwa ni matumbawe, anza kwa kuyajua yale utakayofuga na nuru yanayohitaji, ndipo uchague taa, na tangi liwe tayari kungojea hata miezi sita. Uliza PAR kabla ya wati, uliza utawanyaji kabla ya ukali, na ulize kama inapunguzwa kabla ya kuuliza bei. Usitie kipande cha kwanza majini mpaka watu wote wa nyumba wamekubali gharama ya mwaka wa pili na wa tatu.

Wageni wetu bado huuliza kwa nini sebule yetu ni ya buluu kila jioni. Wengine huomba tuwashe taa ya kweli ili waone vizuri. Tunawawashia ile ya darini, na ya tangini tunaiacha kama ilivyo.